Mbwa wa Majina Mawili

Kondoo akiuawa na mbwa mwitu, watu wa malisho ya Kara-Saz huulaani mlima, hunywa chai, kisha huenda kuangalia waliobaki. Kondoo akiuawa na mbwa wa jirani, mbwa huyo halioni jua la kesho. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ya nini kuiandika, maana hakuna aliyewahi kuisahau.

Kwa hiyo Bars, mbwa wa Beishen, alipomkimbiza mwanakondoo wa Kasymaly mwanzo wa kiangazi na kumvunja shingo, hakuna aliyeuliza nini kitafuata. Kasymaly alikuja na bunduki begani. Wala hakuwa na hasira. Alikuja kama mtu aliyekuja kuazima shoka. Beishen alitoka ndani ya hema lake la sufu, akasimama kati ya bunduki na mbwa, asiseme neno. Kusema na watu hakukuwa kazi yake siku hizo. Naye mbwa mwenyewe, wa mwaka mmoja na miezi miwili, miguu mirefu na kiherehere kisicho na mfano, alikuwa akimrukia Kasymaly kifuani ili amlambe kidevu.

Aliyesema ni mke wa Beishen, Zuurakan, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mikono imejaa unga.

"Kasymaly, ndugu yangu, nipe siku arobaini."

"Za nini, shemeji? Mbwa akishaonja kondoo hafundishiki."

"Hata mtoto mchanga hupewa arobaini yake kabla hajatolewa nje akaonwa na watu. Huyu naye mchanga, ila karefuka haraka."

Kasymaly akacheka, na mtu akishacheka ni vigumu kufyatua risasi. Wakalipeleka shauri kwa Barsbek, kaka mkubwa wa Beishen, mzee wa miaka sabini na minane ambaye neno lake ndilo la mwisho malishoni. Barsbek akawasikiliza huku akinywa kumis yake, maziwa ya farasi yaliyochachuka vizuri, akafuta masharubu.

"Sawa, arobaini," alisema. "Siku ya arobaini na moja kundi la Kasymaly litapita mbele ya huyo mbwa. Bila kamba. Mwenye mbwa atakuwa juu ya farasi kama mchungaji yeyote. Mbwa alale mpaka kundi liishe, halafu mwenyewe amwite, na aende kwake taratibu bila kugusa hata unyoya. Akishindwa, Kasymaly atakuwa amesimama palepale na bunduki. Na wewe Beishen, usije ukanililia."

Zuurakan hakuwa mpenzi wa mbwa. Aliwaona kama alivyoziona mvua za Juni: wapo, basi. Aliyekuwa akimpigania ni mumewe. Miaka mitatu nyuma mtoto wao wa pekee, Kubat, alimwambia baba yake usoni kwamba hatazeeka akinuka kondoo, na kwamba anakwenda Moscow kutafuta kazi. Beishen alimjibu aende, na jina lake lisitajwe tena chini ya paa lake. Kijana akaenda. Jina halikutajwa. Na baada ya hapo Beishen naye akaanza kunyamaza, kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali anaashiria chumvi kwa kidole.

Kisha msimu wa majani makavu uliopita rafiki yake wa At-Bashy akampa mtoto wa mbwa wa kuwindia, na mtu akafufuka. Alipiga mluzi. Alimsimulia mbwa habari za mbweha aliowakamata ujanani. Siku moja alimwambia Zuurakan kwamba supu ni nzuri, na Zuurakan alitoka nje akajifanya anatafuta kuni ili machozi yasionekane. Sasa mbwa huyo alikuwa amekalia kuti kavu, na Zuurakan alijua, kama ajuavyo vidole vyake, kwamba siku mbwa atakapopigwa risasi Beishen atanyamaza tena, na safari hii hatarudi.

Akaanza kazi, na hakuanza vizuri. Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Mbwa alikuja tayari anaitwa Bars, yaani chui, na kule mke hatamki jina la mkubwa wa mumewe, wala kipande chake, hata akizeeka meno yakaisha. Shemeji yake ni Barsbek. Barsbek mwenyewe hakupendezwa na jambo hilo. "Nikiitwa mimi anakuja mbwa," alikuwa akilalamika, "akiitwa mbwa nageuka mimi. Heshima gani hii?" Lakini Beishen alishikilia kwamba mbwa wa kuwinda hubaki na jina alilokuja nalo, la sivyo bahati humkimbia. Kwa hiyo Zuurakan akawa anamwita "we", na "we mbwa", na "mjaa laana", na mbwa hakuona sababu ya kuitikia lolote kati ya hayo.

Alimfunga kwa kamba ya sufu, ncha nyingine kiunoni mwake mwenyewe. Akienda mtoni, mbwa huyo. Akienda kukamua, mbwa huyo. Mara mbili alivutwa akaanguka kifudifudi na ndoo mkononi. Siku ya tatu mbwa alimwona panya wa porini, akaruka, maziwa ya asubuhi nzima yakamwagika, na Zuurakan, magoti yote mawili kwenye tope, akapiga kelele:

"Botosh!"

Mdomo ulimteleza tu. Boto ni ndama wa ngamia, na Botosh lilikuwa jina alilomwita Kubat tangu yuko mgongoni. Lakini mbwa alisimama. Aligeuka, akamtazama kwa macho yake ya rangi ya asali, masikio chini, kisha akalala kwenye tope lilelile. Zuurakan akatazama nyuma upesi kuona kama mumewe yuko karibu. Hakuwepo.

"Botosh," alirudia, safari hii kwa kunong'ona, na moyo ulimuuma mpaka akakaa.

Tangu hapo kazi ikaenda, na hofu nayo ikaongezeka. Alfajiri Beishen alipanda farasi, akamchukua mbwa kwenda kukimbiza sungura ili apunguze moto wa miguu, maana mbwa wa aina ile asipokimbia hula hata viatu. Saa mbili hivi alimrudisha, ulimi nje, na Zuurakan akampokea. Alimtandikia kipande cha zulia la sufu, akamfundisha kwamba zulia ni mahali pa kulala na kukaa kimya. Akilala, anapewa kibonge cha maziwa makavu ya chumvi. Akiinuka, hapewi kitu, wala hagombezwi. Zuurakan husubiri tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Siku ya kumi zulia lilikuwa hatua hamsini kutoka kwa kondoo. Siku ya ishirini lilikuwa hatua kumi. Siku ya ishirini na tano alimfunga karibu na kondoo dume mmoja, mzee mwenye pembe za kujikunja na roho mbaya, na dume akamfundisha kwa kichwa mambo ambayo Zuurakan asingeweza kumfundisha kwa maneno. Watu walipokuja kunywa chai, mbwa alikatazwa kuruka. Akimrukia mgeni alipewa mgongo, akikaa alikunwa sikio. Na kila mara sauti ilikuwa ile moja, ya chini, karibu na sikio: Botosh, lala. Botosh, taratibu.

Klara, mke wa Kasymaly, alikuja siku moja kuazima ungo. Huyu alikuwa na masikio ya kulungu.

"Zuurakan, umemwitaje huyo?"

"Nimemwita mbwa."

"Mbwa! Mimi nimesikia kitu kingine."

"Basi safisha masikio yako, mwenzangu. Ungo ule pale."

Klara alichukua ungo, akaenda zake. Lakini usiku huo Zuurakan hakulala vizuri. Jina la kwanza alikatazwa na mila, jina la pili alikatazwa na mume, na maisha ya mbwa yalikuwa yananing'inia kwenye lile la pili. Angemwambiaje Beishen? Amwendee vipi mtu aliyesema "lisitajwe", akamwambie limetajwa mara mia kwa siku, tena kwa mbwa?

Siku ya thelathini na sita ndipo alipoona shimo lilipo. Mbwa alikuwa amelala kwenye zulia katikati ya kondoo, anapiga miayo, raha tupu. Beishen akatokea juu ya kilima akiwa juu ya farasi, akamwona mbwa wake ametulia vile, akafurahi, akaita kwa furaha hiyo:

"Bars!"

Mbwa aliruka kana kwamba ardhi imemtupa. Kondoo wakatawanyika. Kama si kamba, yangekuwa yale yale ya mwanzo wa kiangazi. Zuurakan alishikilia mpaka viganja vikachubuka, na pale pale akaelewa: kila alfajiri, kutoka juu ya farasi, jina lile lilikuwa na maana moja tu. Kimbia. Kamata. Wao wawili walikuwa wamefundisha mbwa wawili ndani ya ngozi moja.

Jioni hiyo alijaribu, akizunguka kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa mkali.

"Mzee, siku ile usimwite. Mwache alale tu."

"Nisimwite mbwa wangu?"

"Ukimwita anajua ni mawindo."

"Wewe mwanamke," Beishen alisema, na alikuwa akitabasamu, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi, "nimefuga mbwa hawa kabla sijakuoa. Yule anajua sauti yangu kuliko anavyojua mkia wake."

"Ndiyo maana naogopa."

"Wewe unaogopa hata birika likifoka. Kunywa chai."

Alikunywa chai. Neno alilotaka kusema lilikuwa mdomoni, akalimeza na chai.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa na upepo. Wanaume walikaa juu ya farasi kwa mstari kando ya kijito, Barsbek katikati amevaa kofia yake nyeupe. Wanawake walisimama nyuma kabisa, karibu na hema la Klara, kwa sababu mwanamke hakatizi mbele ya wazee. Zuurakan alimleta mbwa kwa kamba, akatandika zulia, akamlaza. Alimgusa sikio. Mbwa akashusha pumzi, akaweka kidevu chini.

"Vizuri, binti," Barsbek alisema. "Fungua kamba, rudi kwa wenzako."

"Kaka Mkubwa, naomba nikae hapa karibu. Sitasema kitu."

"Mbwa wa nani?"

"Wa mzee wangu."

"Mzee wako yupo pale juu ya farasi, sijamwona akiwa amekufa. Nenda."

Akaenda. Beishen alikuwa hatua thelathini kutoka kwa mbwa. Upande wa pili Kasymaly aliteremka farasi, akapiga goti moja, akaweka bunduki juu ya goti la pili.

Kundi likaja. Kondoo mia tatu na zaidi, vumbi, kelele, harufu. Walipita hatua nane tu kutoka kwenye zulia na mbwa akawatazama kama mzee anayetazama watoto wa shule wakipita. Zuurakan alihesabu pumzi zake badala ya kondoo. Theluthi ikapita. Nusu ikapita. Klara akamshika mkono, akasema polepole, "Angalia, amelala. Amelala kabisa, huyo shetani." Mmoja wa wanaume akaanza kusifu.

Ndipo mwanakondoo mmoja, aliyempoteza mama yake kwenye vumbi, akatoka kundini akilia. Alikimbia huku, akakimbia kule, kisha akapita karibu kabisa na pua ya mbwa. Mbwa akainua kichwa. Akainua kifua. Hakuwa amesimama, alikuwa anauliza tu, na kama angeachwa huenda angejijibu mwenyewe. Lakini Beishen juu ya farasi aliona kile kifua kikiinuka, na hofu ikamfanya asahau yote.

"Bars! Lala!"

Mbwa alisikia neno la kwanza, na la pili hakulingoja. Alikuwa hewani kabla halijaisha. Mwanakondoo akageuka, akakimbia, jambo baya kuliko yote. Kasymaly akainua bunduki begani.

Zuurakan hakukumbuka baadaye alivyoutoa mkono wake kwa Klara. Alikimbia mbele ya farasi wa wazee, mbele ya kofia nyeupe ya shemeji yake, kitambaa cha kichwa kikaanguka, na akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, ile ya kutoka tumboni:

"Botooosh! Botosh!"

Mbwa alikuwa mruko mmoja kutoka kwa mwanakondoo. Miguu ya mbele ikakwama, ya nyuma ikamzidi, akaserereka kwenye majani kwa ubavu, akalala. Kidevu chini. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka, lakini alilala. Mwanakondoo akajichanganya na wenzake. Kondoo waliobaki wakapita kulia na kushoto kwake, na mmoja akamkanyaga mkia, naye akafumba macho tu.

Vumbi lilipotua wote walimgeukia Zuurakan. Hawakuwa wakimtazama mbwa. Hakukuwa na mtu pale ambaye hakulijua jina lile. Miaka kumi na tano, kila jioni, Zuurakan alisimama kando ya kijito hichohicho akamwita mtoto wake arudi kula. Klara alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Binti," Barsbek alisema hatimaye. "Umemwita huyo mbwa jina gani?"

Zuurakan alisimama kichwa wazi, nywele nyeupe zikipeperuka. Hofu ilikuwa imepita kiwango chake, na mtu akifika hapo husema kweli.

"Jina lako, Kaka Mkubwa, sijalitamka miaka arobaini, na sitalitamka leo. Jina la mwanangu nimekatazwa miaka mitatu. Mdomo wa mtu si jiwe. Lilikuwa linanisonga, nikampa mbwa."

Hakumtazama mumewe. Hakuthubutu.

"Mimi nimeona," Kasymaly alisema, bunduki bado begani. "Ameinuka. Halafu amelala. Sasa nihesabu lipi?"

Barsbek alivuta masharubu. "Ameinuka kwa jina langu," alisema, "na amelala kwa jina lingine. Nilisema tangu mwanzo kwamba jina langu si la mbwa. Basi nirudishieni leo, mbele ya watu, na nisilisikie tena likiitwa kondooni. Ila sharti langu halijaisha. Nilisema mwenyewe amwite, naye aende taratibu. Beishen, mwite. Jina langu usiliguse."

Beishen alikaa juu ya farasi, mikono miwili kwenye hatamu, uso umekauka.

"Njoo," alisema.

Mbwa hakusogea.

"Njoo hapa. We mbwa."

Mbwa aligeuza sikio moja, akabaki pale pale, kama alivyofundishwa. Zuurakan alijua kwamba neno lake moja lingemwinua, na alijua pia kwamba neno hilo safari hii si lake. Alimwona Kasymaly akibadilisha goti. Akamwona Beishen akitazama shingo ya farasi, mtu mkaidi, mtu aliyekuwa tayari kuashiria chumvi kwa kidole kuliko kufungua mdomo kuomba, na hasira ikampanda Zuurakan ambayo hakujua kama anayo.

"Sema, mzee!" alipiga kelele mbele ya wote. "Unamngoja nani? Utawapoteza wangapi kwa sababu ya mdomo wako?"

Farasi akatikisa kichwa. Beishen akateremka. Alikuwa mzito kuteremka, na aliposimama chini alionekana mfupi kuliko siku zote. Akatembea hatua mbili, akasimama, akalamba midomo.

"Botosh," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, na upepo ulikuwa mkali, lakini mbwa aliinua kichwa.

"Botosh." Akapiga goti kwenye majani, mkono mbele. "Mwanangu. Nilikosea. Rudi nyumbani."

Mbwa akaamka, akajinyoosha, akaja. Hakukimbia. Alipita kando ya kondoo wa mwisho bila kuwageukia, hatua kwa hatua, akaingiza kichwa chini ya mkono wa Beishen, na Beishen akamshika shingoni kwa mikono miwili, uso ndani ya manyoya, akarudia lile jina mara nyingi kama mtu anayejifunza kusema. Kasymaly akatoa risasi kwenye bunduki na kuitia mfukoni. Zuurakan alikaa chini palepale mbele ya wazee wote, kichwa wazi, akalia kwa sauti, na hakuna mwanamume aliyemwambia anyamaze.